Mkono Uliomning'iniza Messer Corrado

Turubai lililouficha ukuta lilishaanguka. Hapo ndipo nafasi ya gazeti ilipotukatisha wiki jana, na najua wapo walionilaani.

Basi tuingie. Uwanja wa Montelaro umefurika watu. Kwenye ukuta wa jumba la Baraza, mahali ambapo mji huu huwanyonga kwa rangi wale ulioshindwa kuwanyonga kwa kamba, mtu amechorwa akining'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, joho jekundu limemporomokea mabegani. Watu wamekuja kumzomea Messer Corrado Guarnelli, tajiri wa sufu, aliyetoroka siku ile aliposhtakiwa kwamba alipanga kumfungulia adui lango la mji.

Hawakuzomea. Walitazama ukuta, kisha wakatazamana. Kuna kitu hakikukaa sawa.

Monna Bice, muuza utumbo, mwanamke asiyejua kunong'ona hata msibani, aliweka beseni lake chini. Akaupa ukuta mgongo, akainama, akachungulia katikati ya miguu yake mwenyewe ili auone uso ule ukiwa wima.

"Wee!" alipiga kelele akiwa bado ameinama. "Huyu si Corrado! Huyu ni Lapo mchoraji! Tazameni pua!"

Uwanja mzima ukainama. Wafumaji, wachinjaji, padri mmoja na kofia yake, wote makalio juu wakichungulia ukuta. Kisha kicheko kikapasuka.

"Mchoraji kajinyonga!"

"Kamkosa mwenzake, kajipata mwenyewe!"

"Lapo, kamba haikubani huko juu?"

Juu ya jukwaa la mbao, Lapo alisimama na brashi mkononi. Alikuwa amejifunika kitambaa usoni, kama wafanyavyo wote wanaopewa kazi ile. Ukijulikana umechora wanyongwa, utaitwa mchoraji wa wanyongwa hadi unaingia kaburini, na hakuna bibi harusi atakayekuletea kasha lake ulipambe. Ndiyo maana hufanywa nyuma ya turubai, na Baraza halitaji jina la fundi. Lakini kitambaa sasa kilikuwa cha nini? Uso wake ulikuwa ukutani, mpana kama gurudumu la mkokoteni, na ile pua yake iliyovunjika tangu ujana.

Hakukusudia, na mniamini. Tangu asubuhi alikuwa akichora huku akikwepa kumfikiria Messer Corrado. Alichora mguu, akachora joho, na alipofika usoni akafumba moyo na kuuachia mkono ufanye utakavyo. Mkono wa mchoraji ukiachwa hivyo hurudi nyumbani. Karakana zote za nchi ile zinalijua hilo, kwamba kila mchoraji hujichora mwenyewe, na Lapo alikuwa akiwagombeza wanafunzi wake kwa kosa hilo hilo.

Akakivua kitambaa. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

"Shuka," sauti ilimwita kutoka chini.

Alikuwa Ser Bindo, katibu wa Baraza, mtu mwembamba anayezungumza taratibu kama anayemsomea mgonjwa sala. Ndiye mtu pekee pale ambaye hakuwa ameinama.

"Fundi Lapo. Baraza liliagiza msaliti. Umetuletea nani?"

"Mkono umeteleza, Ser Bindo."

"Umeteleza ukachora pua, nyusi, na hata kovu la kidevuni?" Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Au mkono unajua jambo ambalo mdomo haujatuambia?"

Kicheko kikakatika. Lapo akashuka ngazi ya jukwaa.

"Sura yake imenitoka," alisema. "Siikumbuki."

"Huikumbuki!" Monna Bice alidakia. "Mtu aliyekulisha tangu una kamasi? Aliyekutoa kwenye banda la mchinjaji ukichora mbuzi kwa damu ya mbuzi, akakupeleka kwa walimu? Shukrani ya punda kweli mateke!"

"Hakuna haja ya kukumbuka," alisema Ser Bindo. "Kanisani umemchora amepiga magoti mbele ya Bikira. Tunamwona kila Jumapili. Uliunakili uso ule ukutani kwa karatasi yenye vitundu, sivyo?"

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

Lapo akatazama viatu vyake.

"Nimekuuliza, iko wapi?"

"Nilimpa mkewe. Monna Niccolosa. Aliiomba akaiweke chumbani."

"Vizuri," alisema Ser Bindo. "Basi nenda kamwombe."



Ser Bindo akamgeukia mzee Geri, mpiga lipu. "Bomoa hicho kichwa. Weka lipu mbichi." Kisha akarudi kwa Lapo. "Kengele ya jioni ikilia, nataka Corrado awe pale, na jina lake chini yake kwa herufi kubwa. Asipokuwa yeye utakuwa wewe, na safari hiyo hatutatumia rangi."

"Uwahi," Geri alimnong'oneza Lapo akichukua tindo. "Lipu ikikauka haitashika rangi. Mimi napaka chokaa tu, mwenzangu. Aibu unaipaka wewe."

* * *

Lapo alishika njia ya kwa Corrado akipita kwenye vichochoro, asionane na watu.

Kwa uliyetufuata kwa kuchelewa, yafaa ujue mtu huyu amebeba nini kifuani. Siku moja ya karamu nyumbani kwake, Messer Corrado alikuwa na mgeni, mwalimu Mgiriki aliyekuja na vitabu. Lapo aliwaonyesha mchoro wake mpya, shujaa wa enzi za kale, na alijivunia sana. Mgiriki aliutazama akacheka hadi akashika mbavu. Shujaa wa kale alikuwa amevaa kofia ya chuma ya askari wa zamu wa Montelaro! Na Messer Corrado naye akacheka. Mgiriki angecheka peke yake, Lapo angesahau. Lakini alicheka Corrado.

Baada ya chakula wale wawili walisoma kitabu cha Mgiriki. Mmoja alisoma, mwingine akafasiri, wakabishana kuhusu mji fulani uliokufa zamani za kale, lango lake lilikuwa wapi, walinzi wake walilala saa ngapi, na nani alilifungua kutoka ndani. Lapo alikaa pembeni akitafuna hasira.

Kisha minong'ono ya vita ikaingia mjini, na Baraza likamwita faraghani. Je, Corrado alizungumza na mgeni? Ndiyo. Walizungumza nini? Lapo aliweka mkono wake wa kuume juu ya msalaba, akasema walizungumza habari za lango, na walinzi wanavyolala, na namna ya kulifungua kutoka ndani. Kila neno lilikuwa kweli. Aliacha jambo moja tu, kwamba walikuwa wakisoma kitabu.

Alidhani watamwita Corrado wamwulize, aone haya kidogo, aonje naye kuchekwa. Hakudhani watamtafuta na minyororo. Na walipomtafuta na minyororo, hakuwa na ujasiri wa kurudi kusema, maana mtu anayekula kiapo nusu hapo Montelaro hukatwa mkono alioapia. Mchoraji bila mkono wa kuume ni nini? Basi akanyamaza. Na walipompa kazi ya ukuta, alikubali, maana kukataa kungewafanya wamwulize kwa nini.

Hiyo ndiyo hali yake. Sasa yuko mlangoni.

Mlango ulikuwa umepakwa tope na matumbo ya samaki. Mwanamke mzee alikuwa amepiga magoti kizingitini, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko, anasugua. Hakuinua kichwa.

"Kama umekuja kutupa tope, subiri nimalize, utupe mahali pasafi."

"Ni mimi, mama."

Monna Niccolosa aliinuka kwa kushika mwimo wa mlango. Uso wake ulikunjuka wote.

"Lapo! Nilijua! Nimeziambia kuta hizi, maana watu hawaji, nikaziambia Lapo atakuja. Ingia, mwanangu. Kaa juu ya hilo tenga, viti Baraza wamechukua."

"Sitakaa, mama, nina haraka."

"Haraka ya nini na uso wako huo wa njaa? Kaa."

Akakaa. Alipokuwa mdogo hakuweza kumkatalia, na leo ndiyo kabisa. Akampakulia maharage kwenye bakuli lenye ufa, akakata mkate wa jana, akamwagia mafuta ya zeituni, mengi, akiuinamisha mtungi hadi tone la mwisho. Lapo aliona kwamba lilikuwa la mwisho. Alikula. Kila tonge alilisukuma kwa maji.

"Nasikia kelele uwanjani," alisema Monna Niccolosa. "Wamekwisha kumchora?"

"Bado," alijibu Lapo. Na kweli, uso ulikuwa bado.

"Eti wamepata mchoraji. Nilidhani hawatapata. Nikasema, nani katika mji huu hajala mkate wa Corrado?" Alitikisa kichwa. "Uso umeumbwa na haya, mwanangu. Huyo wake umeumbwa na nini? Ni nani?"

"Sijui, mama."

"Usijue. Ukimjua utapigana naye, nakujua wewe."

Lapo aliinamia bakuli. Msomaji, mimi niliyeianza hadithi hii ningependa kukwambia kwamba aliinuka pale pale akasema kweli. Hakuinuka.

"Corrado aliniachia neno moja," aliendelea yule mama, akiketi kwenye ngazi. "Alikuwa anavaa viatu, kamba haziingii. Akaniambia, usihangaike, Niccolosa. Lapo alikuwepo mezani. Lapo anajua tulikuwa tunasoma. Atakwenda atawaambia, na mimi nitarudi." Akamtazama kwa matumaini ambayo hayakuwa na kona ya kujificha. "Umekwenda?"

"Nilikwenda."

"Wakasemaje?"

"Walinisikiliza."

"Ehee! Basi ndiyo mwanzo!"

Bakuli lilikuwa tupu. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama.

"Mama," alisema Lapo, "ile karatasi ya uso wa Messer Corrado. Niliyokupa."

"Unaitaka?"

"Naiomba."

Monna Niccolosa akapiga makofi mara moja. "Unataka kuwaonyesha! Waone yule wanayemwita msaliti anavyomtazama Bikira! Akili hiyo ningeipata wapi mimi? Mwanangu wewe!"

Lapo alifungua mdomo. Ilitakiwa sentensi moja tu. Akaufunga.

Monna Niccolosa alipanda chumbani, akashuka nayo imeviringishwa ndani ya shuka safi, kama kitoto kichanga. Kabla ya kumkabidhi, alichovya ncha ya aproni kwenye maji akamfuta shavuni, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta utotoni.

"Una chokaa hapa. Masikini, hata siku kama ya leo wanakufanyisha kazi." Akamsukuma taratibu. "Tangulia. Nibadilishe kitambaa cha kichwa nije. Nataka nikusikie ukiwaambia."

Tuna methali yetu kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Lapo alikuwa maiti na mwosha kwa pamoja. Alikimbia hadi uwanjani, na aliyekutana naye njiani alidhani anakimbilia kazi.

* * *

Geri alikuwa amemaliza. Mahali pa kichwa palikuwa na lipu mpya, nyeupe, inang'aa kwa unyevu.

"Bado inakubali," alisema Geri. "Si kwa muda mrefu."

Lapo akapanda. Akaifungua karatasi. Alikuwa ameusahau uso ule, kumbe. Mashavu ya kushiba, macho yaliyoinuliwa juu kwa Bikira, mdomo uliofunguka kidogo, maana Corrado alipokaa kuchorwa alikuwa akisali kwa sauti na hakuweza kunyamaza. Kila mstari ulikuwa umetobolewa kwa sindano, vitundu vidogo vidogo. Lapo mwenyewe alivitoboa, akiwa na furaha.

Akaigeuza karatasi kichwa chini. Akaibana juu ya lipu.

"Mpisheni mama wa watu!" mtu aliita kule nyuma. "Mpisheni apite!"

Lapo alijua bila kutazama. Alimsikia akija, akiwasalimia watu waliokuwa hawajamsalimia tangu mumewe akimbie.

"Niacheni nipite, jamani, Lapo wangu atasema. Lapo alikuwepo. Yuko wapi Lapo? Mmemwona..."

Sauti ikakatika.

Monna Bice, mwenye mdomo kuliko mji mzima, aliangalia beseni lake la utumbo.

"Piga," alisema Ser Bindo.

Lapo alichukua kifuko cha vumbi la mkaa. Akapiga juu ya karatasi, pu, pu, pu, kuanzia shingoni hadi kwenye nywele. Vumbi lilipenya kwenye vitundu. Akaibandua karatasi.

Sasa sikilizeni jambo ambalo si Lapo wala Ser Bindo aliyelifikiria. Mtu anayesali hutazama juu. Mpindue, atatazama chini. Messer Corrado Guarnelli, kwa vitone vyeusi juu ya lipu mbichi, alikuwa akiutazama uwanja wa Montelaro, mdomo wazi kidogo, kana kwamba anawaombea. Mfumaji mmoja aliyekuwa mbele alivua kofia. Wa pili akavua. Wengine waligeuza nyuso, maana uso ule ulikuwa ukimfikia kila aliyesimama pale, na kila aliyesimama pale alikuwa na siku aliyowahi kuuhitaji.

"Rangi," alisema Ser Bindo. "Upesi."

"Kumbe ni wewe," alisema Monna Niccolosa.

Hakupaza sauti. Lapo angeshukuru kama angepiga kelele, angemtukana ukoo, angerusha jiwe. Yule mama alisimama tu na kitambaa chake kipya cha kichwa, akitazama juu.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya Lapo.

"Walikuwa wanasoma kitabu!" alipiga ukelele.

"Nini?" alisema Ser Bindo.

"Mimi ndiye shahidi wenu! Mimi! Maneno ya lango yalikuwa ya kitabu! Mji wenyewe ulikufa kabla ya babu wa babu zetu, hauna lango wala mlinzi! Nilijua tangu mwanzo. Nilijua na sikusema!"

"Kwa nini?" Alikuwa padri yule mwenye kofia.

Lapo alitafuta sababu kubwa. Haikuwepo.

"Walinicheka," alisema. "Mchoro wangu. Walicheka kofia."

Hakuna aliyecheka sasa. Ingekuwa nafuu. Mtu ameangamizwa, nyumba imepakwa tope, mama amesugua kizingiti kwa mikono yake, kwa sababu ya kofia ya chuma juu ya kichwa cha mtu wa kuchorwa. Lapo aliliona jambo lake kwa macho ya watu wote wale, na lilikuwa dogo, dogo la kutia kichefuchefu.

Ser Bindo alipanda ngazi mwenyewe. Alipofika juu alizungumza kwa sauti ya chini, ya kirafiki kabisa.

"Fundi, Baraza limeshahukumu. Baraza likihukumu halipendi kuambiwa lilikosea kwa ajili ya kofia. Mimi nimezeeka, masikio yangu si mazima. Paka rangi uso huo, andika jina chini, nami nitakuwa sikusikia kitu. Ukishikilia maneno yako, basi uliapa nusu, na unajua sheria inataka nini."

"Mkono."

"Wa kuume. Lipu inakauka. Chagua."

Lapo aliutazama mkono wake. Ulikuwa na rangi kwenye kucha. Chochote alichokuwa nacho duniani kilipitia hapo. Akachovya brashi kwenye rangi, na Ser Bindo akapumua.

Kwa kufagia mara moja alivifuta vitone vyote. Uso wa Corrado ukatoweka. Akachovya tena. Akachora nyusi. Akachora kidevu na kovu lake. Akachora pua iliyovunjika, kichwa chini, haraka, bila kusita, na safari hii mkono haukuteleza. Kisha akashuka kidaraja kimoja na kuandika, kwa herufi kubwa kama Baraza lilivyotaka: LAPO DI VANNI, ALIYEMSALITI ALIYEMLISHA.

Alipomaliza, lipu ilikuwa imeanza kupoteza mng'ao. Ilikubali. Sura ile itadumu hapo kuliko miaka yote ya Lapo.

"Mkamateni," alisema Ser Bindo. Sauti yake haikuwa ya kumsomea mgonjwa tena.

Askari walimshusha. Gogo lilitafutwa, likapatikana la Monna Bice, lile analokatia utumbo. Monna Bice alikataa kulitoa, akalikalia, akatukana, wakamwinua kwa nguvu. Shoka lilitoka jumba la Baraza. Lapo alipiga magoti bila kusukumwa, akaweka mkono juu ya gogo. Ajabu, mara ya kwanza tangu ile karamu aliweza kuinua uso na kumtazama mtu.

Na mtu aliyemtazama alikuwa anakuja. Monna Niccolosa alipita katikati ya askari kama apitavyo jikoni kwake. Akachuchumaa kwenye gogo. Akachukua ncha ya aproni, akaitemea mate, akaanza kuufuta ule mkono, kidole kimoja kimoja.

"Mama, usiniguse." Lapo alianza kulia. "Tafadhali. Nipige, lakini usinifute."

"Nyamaza. Sijakusamehe." Aliendelea kufuta. "Una chokaa, basi."

Lapo alifumba macho. Ule ujasiri mdogo alioupata ulimtoka wote. Shoka angelivumilia. Aproni ilimshinda.

"Ondoka, mama," alisema askari mwenye shoka, akitazama pembeni.

Alipoinuka, Lapo alisikia shoka likiinuliwa. Alihesabu pumzi.

"Subirini."

Sauti ilitoka nyuma ya umati, upande wa lango la wasaga unga. Mtu aliyejifunika gunia la unga kichwani alikuwa akija, na watu walikuwa wakimpisha bila kujua kwa nini, kisha wakijua, wakaanza kujishika vifua. Monna Niccolosa aliweka aproni mdomoni.

"Umerudi mjini, Messer Corrado," alisema Ser Bindo. "Unajua adhabu ya mtoro anayerudi."

"Naijua," ilisema ile sauti. "Lakini mkono huo niliulea mimi. Mkitaka kuukata, niulizwe kwanza mimi mwenye mkono."

Lapo hakugeuka. Sauti ile alikuwa ameijua tangu neno la kwanza. Alibaki amepiga magoti, mkono juu ya gogo, mkono uliosafishwa vizuri, akiomba kwa moyo wake wote kwamba shoka lishuke kabla mtu yule hajafika mbele yake na kumtazama usoni.